MVUA TULIYOIOMBA ISIGEUZWE KISINGIZIO

Bismillahir Rahmanir Rahim



Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na swahaba zake. Ama baada ya hayo.

Tunawaandikia kutoka Cape Town, Afrika Kusini, ambako familia nyingi za Kiislamu kutoka Burundi, Kongo ya mashariki, Tanzania na Somalia zinaishi kutafuta riziki. Huko nyumbani, Bujumbura au Uvira, Juni mpaka Agosti ni kiangazi na vumbi. Hapa miezi hiyo ndiyo baridi na mvua. Upepo wa kaskazini magharibi unatoka baharini, mvua inakuja ya ubavuni na mwavuli unapinduka. Nguo zinakaa siku tatu bila kukauka, kuta zinaota ukungu, na watoto wanakohoa usiku kucha.

Lakini hatukukaa kuandika habari za hali ya hewa. Tunaandika kwa sababu kila mwaka ikifika Juni madrasa zetu zinabaki na mikeka mitupu. Ukiuliza, jibu ni moja: "Mvua, sheikh." Sisi tunasema jibu hilo halitoshi, na wakati umefika tulijadili waziwazi.

Tuanze kwa uadilifu. Uislamu ni dini nyepesi. Imepokewa kwamba katika usiku wa baridi na mvua Mtume (S.A.W.) alimwamrisha mwadhini awatangazie watu waswali majumbani mwao. Na katika madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani yetu ya Afrika Mashariki na ya Waislamu wengi wa hapa Cape, inaruhusiwa kuitanguliza swala na kuikusanya na nyenzake kwa ajili ya mvua. Hakuna anayemlaumu mama mwenye mtoto mchanga mgongoni akibaki ndani wakati dhoruba inang'oa mabati.

Sasa tuitazame rukhsa hiyo vizuri. Mafakihi wa Kishafi wameiwekea masharti: ni kwa anayeswali jamaa, mahali anapofika kwa taabu huku mvua ikimlowesha njiani. Anayeswali nyumbani kwake hana ruhusa ya kukusanya. Maana yake iko wazi: rukhsa hii iliwekwa ili kuilinda jamaa, watu wasilazimike kutembea mara mbili katika tope. Leo baadhi ya watu wameipindua. Wanakusanya Magharibi na Isha sebuleni, miguu ndani ya blanketi, televisheni inawangoja, kisha wanasema ni sunna.

Tunawauliza wazazi swali moja tu. Asubuhi ya leo mvua ilinyesha, je, mtoto hakwenda shule? Alikwenda. Alivaa koti la mvua, soksi mbili, na viatu vya ziada vikatiwa kwenye mfuko wa plastiki. Baba naye alitoka gizani kwenda lindo au saluni, akasimama foleni ya teksi za abiria, akalowa, na hakumpigia tajiri wake simu kusema kuna mvua. Jioni mtoto yule yule, mvua ile ile, safari fupi kuliko ya shule, tunaambiwa atapata homa. Basi tatizo si mvua. Tatizo ni kwamba shule tumeihesabu kuwa lazima, na madrasa tumeihesabu kuwa pambo la siku za jua.

Wako wanaosema: "Sisi hapa ni wapita njia, tukirudi nyumbani watasoma." Ndugu, mtoto aliyekuja na miaka mitatu leo ana kumi na mbili. Atarudi lini, na atarudi na nini? Bibi yake atampokea mjukuu asiyeweza kusoma Al-Fatiha wala kumwamkia kwa Kiswahili. Kwa watoto wetu madrasa ndiyo mahali pekee nje ya nyumba wanapofundishwa dini kwa lugha ya wazazi wao. Ukimkatisha miezi mitatu kila mwaka, kwa miaka minne umemnyima mwaka mzima.

Kwa kweli baridi ya huku ni neema kwa anayetaka. Saa za Cape Town na za Bujumbura ni moja. Mwezi Juni, Bujumbura Alfajiri inaingia kabla ya saa 11, na hapa inakaribia saa 12 na nusu. Jua la hapa linachomoza karibu saa 2 kasoro dakika 10. Yaani familia nzima inaweza kuswali Alfajiri kwa jamaa wakati watoto wanajiandaa kwenda shule. Jua linazama saa 12 kasorobo. Ramadhani ya 2015 na ya 2016 ziliangukia mwezi Juni, tukafunga mchana mfupi kuliko wa nyumbani, wakati ndugu zetu wa Ulaya ya kaskazini wakifunga saa 18 na zaidi. Kina mama wenye siku za kulipa wasingoje Desemba yenye mchana mrefu. Na anayechelea maji ya baridi, ayapashe moto atawadhe. Yupo pia mwenye khofu za ngozi anayepangusa juu yake mchana na usiku mmoja akiwa mkaazi. Dini imetoa njia zote hizi.

Neno moja la usalama: msiingize jiko la mkaa chumbani mkafunga madirisha. Linatoa hewa ya sumu isiyo na harufu, na watu hulala wasiamke. Bora blanketi la pili.

Tukumbuke pia tunakanyaga ardhi gani. Tuan Guru aliletwa Cape mwaka 1780 akiwa mfungwa, akafungwa Robben Island, na huko akaandika Qur'ani kwa kumbukumbu yake. Alipoachiwa alifundisha watoto wa watumwa na watu huru, na msikiti wa Auwal wa Bo-Kaap ni matunda ya kazi hiyo. Mvua ilikuwa hii hii. Wao hawakuwa na koti la plastiki wala teksi.

Lawama si za wazazi peke yao. Kamati zinazofunga madrasa "mpaka hali itengemae" nazo zijitazame. Darasa linaloisha saa 12 jioni wakati giza limeingia halifai Juni; lianze mapema baada ya shule, au lihamie Jumamosi asubuhi. Wenye magari wapangiane zamu. Mtaa wenye watoto wengi upate darasa ndani ya nyumba ya mmoja wao. Na likizo ya shule ya baridi iwe msimu wa kuhifadhi juzuu, isiwe ya kulala tu.

Mwisho, tusisahau ukame. Mwanzoni mwa 2018 mji huu ulikaribia kukaukiwa, kila mtu akapangiwa lita 50 za maji kwa siku. Waislamu walitoka kuswali swala ya kuomba mvua, wake kwa waume. Allah (S.W.) akajibu. Je, ni adabu gani kumwomba Mola mvua, kisha akiileta tuitumie kuikimbia nyumba Yake?

Allah atujaalie tuwe wenye kushukuru, awaponye watoto wetu na kikohozi cha msimu huu, na aijaze mikeka ya madrasa zetu. Amin.

Wabillahi tawfiq.