Mama wa Bungulu na mfupa wa Ishango

Juma lililopita tuliahidi kuendelea na mambo ya likelemba. Yatangoja kidogo, kwa maana mama mwenzetu, yule anayeuza samaki wa Kyavinyonge, amerudi kutoka Ubelgiji alikokwenda kumtembelea binti yake, na tumekaa naye jioni mbili tukimsikiliza.

Kabla hajaondoka tulimpa kazi. Tulipokuwa wanafunzi wa ISP tuliona katika kitabu picha ndogo ya mfupa wa Ishango. Ishango ni hapa kwetu, katika eneo la Beni, pale mto Semliki unapotoka katika ziwa Édouard. Mbelgiji mmoja, Jean de Heinzelin, aliuchimba mwaka 1950, na mfupa ukapelekwa Bruxelles. Mpaka leo uko huko. Tulimwambia mama: ukipata nafasi, uutafute, utuhesabie alama zake.

Basi, siku ya kwanza binti alikwenda kazini mapema, akamwachia mama ufunguo, simu na karatasi yenye anwani ya nyumba. Mama akakaa akiangalia ukuta. Ilipofika saa tatu akajisemea kwamba hakupita Kasindi na Entebbe ili aje kulinda nyumba. Akavaa kikwembe, akaweka koti juu yake, akatoka peke yake. (Ninyi mnaosafiri, shikeni jambo hilo la karatasi. Simu huzima, karatasi haizimi.)

Alianza na Grand-Place, uwanja mkuu wa mji wa zamani. Nyumba zake ni ndefu na nyembamba, zimepambwa kwa dhahabu, na nyingi zilikuwa za vyama vya kazi: waoka mikate, wachinjaji, wapika bia. Mwaka 1695 mizinga ya Wafaransa iliuteketeza uwanja huo, na vyama hivyo vikaujenga upya kwa miaka michache tu. Hapo mama alisimama muda mrefu. Alituambia kwamba hakuwa anatazama dhahabu. Alikuwa anafikiri juu ya vijiji vilivyochomwa huku kwetu, na watu waliokimbia wakiwa na godoro kichwani. "Hata hawa walichomewa," akasema, kisha akanyamaza, nasi tukanyamaza naye.

Kutoka hapo alifuata kundi la watu wanaopiga picha, akidhani kuna jambo kubwa. Kumbe ni Manneken Pis, sanamu ya shaba ya mtoto anayekojoa, na urefu wake haufiki hata mita moja! Mtoto huyo ana nguo zaidi ya elfu moja za kubadilisha. Mama alicheka mpaka watu wakamgeukia. Bungulu tunao wengi kama huyo, wa kutazamwa bure, na hawana hata suruali ya pili.

Alipotea mara mbili, akaonyesha karatasi yake, akaelekezwa njia ya Matonge, mtaa unaoitwa jina la ule wa Kinshasa. Unapoingia Matonge kuna uwanja mdogo wenye jina la Patrice Lumumba, uliofunguliwa tarehe 30 Juni 2018. Mama alisoma jina hilo polepole, herufi kwa herufi. Mnakumbuka kwamba Juni 2022 Wabelgiji waliirudishia familia ya Lumumba jino lake, kitu pekee cha mwili wake kilichobaki. Jino limerudi. Katika Matonge alikuta sombe, vikwembe na wanawake wanaosuka nywele. Walimsalimia kwa Lingala, akajibu kwa Kiswahili, wakaelewana. Ndio waliomwonyesha njia ya kwenda kwa miguu hadi nyumba ya makumbusho ya viumbe.

Humo ndani kuna mifupa ya wanyama wakubwa wa kale, iguanodoni, waliopatikana mwaka 1878 katika mgodi wa makaa huko Bernissart. Watoto hupiga kelele mbele yao. Mama aliwapita mbio. Alikuwa anatafuta kitu kikubwa cha kwetu, na karibu akikose, maana mfupa wa Ishango una urefu wa sentimita 10 hivi tu, wa rangi ya kahawia, na kipande cha jiwe kimechomekwa kwenye ncha yake. Umri wake unakadiriwa kuwa miaka 20,000. Waliouacha walikuwa wavuvi: mahali hapohapo de Heinzelin alipata vyusa vya mfupa vya kuvulia samaki. Ziwa ni lilelile linalomlisha mama huyu.

Alihesabu kwa kidole, akaandika nyuma ya karatasi ya anwani. Safu ya kwanza: 11, 13, 17, 19. Ya pili: 11, 21, 19, 9. Ya tatu: 3, 6, 4, 8, 10, 5, 5, 7. Jumlisheni wenyewe: 60, 60 na 48. Wataalamu hawakubaliani. Wengine wanaona hesabu, wengine kalenda ya mwezi. Mwalimu mmoja wa Marekani, Claudia Zaslavsky, aliuliza kama aliyezichonga hakuwa mwanamke anayehesabu siku zake. Tulipomwambia mama hivyo alishangaa kwamba hilo linahitaji kuulizwa. Nyumbani nani mwingine anayehesabu siku?

Tukamwuliza kama amewahi kufika Ishango yenyewe. Hapana. Samaki huletewa, na kwa sababu ya vita hathubutu njia hiyo. Bruxelles amefika.

Jumatatu tuliandika safu tatu ubaoni kwa mwaka wa tano. Msichana mmoja wa nyuma ndiye aliyeona kwanza kwamba safu mbili zinalingana, kisha akauliza lini tutakwenda kuuona mfupa wetu. Tulimwambia akate kijiti cha mwanzi, achonge alama zote, akilete kesho yake. Walileta vijiti 31. Karatasi ya mama iko kwetu. Anayetaka kuinakili kwa ajili ya watoto wake aje na kalamu, siku ya mkutano.