Usiapishwe na aibu



Wiki jana nilipanda matatu hapa Chaka nikaenda Nyeri mjini kukaguliwa meno. Nikiwa nimeachama, mhudumu wa kusafisha meno akaanza: "Pasta, fizi zinatoka damu. Huku nyuma husugui. Na chai ya sukari unakunywa mara ngapi kwa siku?" Singeweza hata kujitetea. Nilishuka kwenye kile kiti na aibu kama mtoto wa shule, nikaapa moyoni kwamba sirudi.

Lakini alisema kweli. Ukoga ukikaa hugeuka mgumu kama jiwe, na mswaki hauutoi tena. Fizi huvimba, na mwishowe jino hulegea, mara nyingi bila hata maumivu ya kukuonya. Nikikosa kurudi, ni nani atakayepoteza?

Soma 2 Samweli 12. Nathani hakumficha Daudi dhambi yake, ila alianza na hadithi ya mwana-kondoo wa maskini. Daudi akatubu.

Basi wewe unayehudumia watu, kliniki au madhabahuni, onya, lakini usimwaibishe mtu hadi akimbie na ugonjwa wake. Hata mimi wapo niliowafukuza kwa ukali wa mahubiri. Nisameheni, rudini nyumbani.

Nawe uliyekemewa, usikatae ukweli kwa sababu ya sauti iliyouleta. Mimi nimeshachukua tarehe ya kurudi. Wewe je, ni wapi uliapa hutarudi?