Tusiuze Viwanja Tununue Mustang

Wanafunzi wenzangu, Desemba nilipokwenda nyumbani Koboko kwa likizo, kaka yangu mkubwa aliniita nyuma ya nyumba, akanipa kiti na soda baridi. Nikajua kuna jambo, maana kaka hana desturi ya kumnunulia mdogo wake soda bila sababu. Akafungua simu, akanionyesha gari jekundu: Ford Mustang GT ya mwaka 2013, imetumika, inauzwa Sharjah katika Falme za Kiarabu. Kisha akasema, "Wewe ndiye msomi wetu. Niandikie mkataba wa kuuza kile kiwanja cha baba, halafu utie sahihi kama shahidi."

Kiwanja hicho kina vyumba vitano vya kupangisha. Pango lake ndilo linalonunua dawa za bibi, ndilo linalochangia karo ya dada zangu wawili, na ndilo lililonifikisha mimi chuoni. Nilimrudishia kaka soda yake ikiwa nusu. Sikuandika mkataba. Insha hii ndiyo jibu langu kwake, na kwa kila kijana wa Arua na Koboko anayetaka kubadilisha ardhi ya ukoo kwa gari la kifahari la Marekani.

Naomba nieleweke. Siandiki kwa wivu, wala sisemi kwamba vijana wa West Nile hawastahili vitu vizuri. Mimi mwenyewe nilibandika picha ya Mustang juu ya kitanda changu nikiwa shule ya msingi, na kaka aliponionyesha simu moyo wangu uliruka kabla ya akili. Ninachopinga si kulipenda gari. Ninapinga hesabu, na ninapinga kwamba wanaolilipia sio watakaopanda.

Tuanze na gari lenyewe. Mustang GT ya 2013 ina injini ya lita 5, silinda nane, na nguvu za farasi 420. Farasi hao watakimbia wapi? Sheria ya Uganda inaruhusu gari dogo kwenda kilomita 100 kwa saa kwenye barabara kuu ya lami, na mjini chini zaidi ya hapo. Kutoka Arua mpaka Koboko ni zaidi kidogo ya kilomita 50 za lami, na njiani mna matuta, vituo vya biashara, mbuzi, bodaboda na watoto wanaotoka shule. Ukiiacha lami unakutana na barabara ya vumbi, ambayo mvua ikinyesha inakuwa mifereji. Gari hilo limetengenezwa chini chini, karibu na ardhi. Farasi 420 watatembea kwa mwendo wa punda mmoja, na punda huyo atakuwa anaomba njia kwa Probox.

Pili, usukani. Sisi Uganda tunaendesha upande wa kushoto wa barabara, na usukani wetu uko kulia. Kampuni ya Ford haikuwa ikitengeneza Mustang ya usukani wa kulia kiwandani mpaka toleo la mwaka 2015. Kwa hiyo Mustang ya 2013, ama usukani wake uko kushoto, ama kuna fundi aliyekata dashibodi na kuhamisha usukani, pedali na nyaya kwa mikono yake. Nilipomwambia kaka hivyo, dalali wake alikuwa na jibu tayari: litavushwa upande wa Congo, lipewe namba za huko, kisha liingie Arua kwa kibali cha muda. Ni kweli, majirani zetu wa Congo na Sudan Kusini wanaendesha kulia, na magari yao tunayaona mjini kila siku. Lakini kaka hakai Aru wala Kaya. Atakuwa kwenye barabara ya Pakwach na Karuma, nyuma ya lori refu la mizigo, akitaka kulipita. Dereva wa usukani wa kushoto, kwenye barabara yetu, amekaa upande wa majani. Ili aone kinachokuja mbele ni lazima kwanza alitoe gari lote kwenye njia ya wengine. Anayeona ni abiria aliyekaa kulia. Je, kaka atamkabidhi abiria macho yake na roho yake?

Tatu, kwa nini gari hilo lilikuwa rahisi? Kila gari la kisasa lina namba ya chesisi yenye tarakimu na herufi 17, na kwa magari ya Marekani namba hiyo hubeba historia. Marekani gari likigongwa vibaya, kampuni ya bima huhesabu gharama za matengenezo, na zikizidi kiasi fulani gari huandikwa kuwa limekwisha, likapelekwa mnadani. Mengi ya magari hayo hununuliwa na wafanyabiashara, hupelekwa Ghuba, hunyooshwa na kupakwa rangi, kisha huuzwa kwetu Afrika yakiwa yanang'aa. Sisemi kila gari la Sharjah limegongwa. Nasema nilimwomba kaka namba ya chesisi ya lile jekundu, nikaitafuta historia yake, na ikaonekana liligongwa ubavuni na bima ikaliandika kuwa limekwisha. Nikamuuliza: mifuko ya hewa iliyofumuka siku ile imerudishwa, au kilichorudishwa ni kifuniko tu? Akajibu, "Wameshalitengeneza." Wahenga walisema rahisi ni ghali, nao hawakuwa na intaneti.

Nne, kodi na mafuta. Bei aliyoonyeshwa kaka ilikuwa dola 9,000. Gari likija kwa njia halali hupita Mombasa, na hapo kuna ushuru wa forodha asilimia 25, kodi ya ongezeko la thamani asilimia 18, kodi nyingine ndogo ndogo, na juu ya yote tozo ya mazingira kwa magari yaliyozeeka. Kwa gari la umri huo, jumla inaweza kukaribia bei ya gari lenyewe. Tena tangu mwaka 2018 sheria yetu imekataza kuingiza gari lenye miaka 15 au zaidi tangu kutengenezwa. Gari la 2013 litafikia kikomo hicho mwaka 2028. Kaka anauza kitu kisichozeeka ili anunue kitu ambacho serikali yenyewe inakihesabia siku.

Tangi la Mustang hiyo linabeba lita 60 hivi. Kwa bei ya zaidi ya shilingi 5,000 kwa lita, kulijaza mara moja ni zaidi ya shilingi 300,000. Vyumba vyetu vitano vinaleta shilingi 60,000 kila kimoja kwa mwezi. Piga hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Tangi moja ni pango la mwezi mzima, na mjini gari hilo hunywa kama lita 15 kwa kilomita 100. Wale vijana wa Arua waliojulikana kama OPEC, waliokuwa wakiuza petroli ya magendo ya kutoka Congo kwenye jerikeni kando ya barabara, wangempigia kaka saluti.

Sasa nije kwenye jambo linaloniuma zaidi. Sisi watu wa Koboko tulishafundishwa somo hili, na walimu wake bado wako hai. Mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, maduka, nyumba na magari yao yaligawiwa watu wengine. Waliotajirika ghafla katika miaka ile waliitwa mafuta mingi, na jina hilo mpaka leo wazee wanalitamka kwa kucheka na kusikitika pamoja. Bibi yangu anamkumbuka jirani mmoja aliyerudi kutoka Kampala na Peugeot nyeupe. Watoto walikuwa wakiikimbilia kila ikipita. Serikali ya Amin ilianguka mwaka 1979, na vita vilipofika kwetu watu walikimbilia Zaire na Sudan. Peugeot iliishiwa petroli njiani, mwenyewe akaiacha mlango wazi, akavuka mpaka kwa miguu, mkeka kichwani, sawa na bibi yangu ambaye hakuwahi kumiliki hata baiskeli. Waliporudi baada ya miaka, gari halikuwepo. Kiwanja kilikuwepo, kimeota nyasi mpaka kifuani. "Ardhi ilitungoja," bibi husema. Baba alikuwa mtoto wakati ule. Alipokua alijenga vile vyumba vitano kwenye nyasi zile zile.

Najua watakaonipinga. Watasema gari ni biashara, litakodishwa harusini. Harusi ni Jumamosi, na si kila Jumamosi. Siku ya Jumatatu taa ya mbele ikivunjika, ni duka gani la spea Arua lenye taa ya Mustang? Spea za Toyota utazipata hata kwa fundi wa chini ya mwembe. Za Mustang utaagiza, na utangoje.

Watasema, mbona vijana wa Marekani wanayaendesha? Hoja hii inawageukia. Mustang ilipotoka Aprili 1964 bei yake ya kuanzia ilikuwa dola 2,368, na ilikusudiwa vijana wa kipato cha kawaida, katika nchi iliyokuwa tayari inajenga barabara kuu pana kila upande. Kijana mwenye kazi alilipa kidogo kidogo kutoka kwenye mshahara wake. Hakuuza shamba la babake. Kwao lilikuwa gari la mfanyakazi. Kwetu tumeligeuza kuwa gari la kumla bibi dawa zake.

Watasema pia kwamba kaka ndiye mrithi, na mali ni yake. Hapa ndipo ninapotugeukia sisi wanafunzi. Katika familia zetu, anayeitwa kuandika mkataba ni sisi. Wazee wanaamini kalamu yetu, na dalali anajua kwamba sahihi ya mwanafunzi wa chuo huifanya karatasi ionekane safi. Basi kabla ya kuandika, tuulize. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1998 inataka mwenzi wa ndoa akubali kabla ya ardhi inayoilisha familia kuuzwa. Nilimuuliza kaka kama shemeji anajua. Akanyamaza. Nilimuuliza kama bibi anajua. Akasema bibi ni mzee, asisumbuliwe. Nikamuuliza dada watalipiwa karo na nini mwaka ujao. Akasema Mungu atasaidia. Mungu alishasaidia, alitupa vyumba vitano.

Pendekezo langu ni dogo. Anayetaka gari alinunue kwa faida, asilinunue kwa mtaji. Kaka ana biashara yake ya Juba. Akiba yake ikitosha kununua Mustang, na ainunue, nami nitakuwa wa kwanza kuomba anizungushe mjini. Isipotosha, anunue Toyota ya kubeba mizigo mpaka Oraba, imzalishie. Nasi wanafunzi tukubaliane kwamba hatutaandika wala kushuhudia mauzo ya ardhi ya familia mpaka wote wanaoitegemea wamekaa, wamesomewa kwa lugha wanayoielewa, na wamekubali. Mali bila daftari hupotea bila habari, na daftari hilo tumeshika sisi.

Tangu siku ile kaka hajanipigia simu. Nimesikia kwamba lile gari jekundu limeshauzwa kwa mtu mwingine, na kwamba sasa anaonyesha watu picha ya jingine, la bluu. Kiwanja bado kipo. Mwezi uliopita wapangaji wote watano walilipa, na dada yangu mdogo akanitumia ujumbe kwamba karo imefika shuleni. Simlaumu kaka kwa kunikasirikia. Akija tena na mkataba, nitampa kiti, nitamnunulia soda, na jibu litakuwa lile lile.