Fedha ya Ulinzi Si Kodi ya Kichwa

Wananchi wa Kamanga, ninyi mlio gatini upande wa mjini na ninyi wa ng'ambo ya Sengerema, maneno haya ni yenu. Yupo bwana mmoja, na kila mtaa unaye wake, apitaye nyumba kwa nyumba mwisho wa mwezi na daftari kwapani. Hapigi hodi ila mara moja. Ukifungua mlango hasemi neno ila moja tu: "Ulinzi." Ukimpa fedha anatia alama ambayo haijui mtu mwingine ila yeye, kisha huyo anakwenda zake. Ukimwuliza fedha ya mwezi uliopita imefanya kazi gani, anakukazia macho kama karani wa boma alivyomkazia macho babu yako alipochelewa na kodi. Na ukiwa huna cha kumpa, basi kesho yake kisimani na kwa muuza mkaa habari zako zimekwisha kufika: fulani hataki ulinzi, pengine fulani yu pamoja na wezi.

Hatusemi kwamba ulinzi haufai. Asemaye hivyo hajapata kushuka Kamanga kabla ya mapambazuko. Wale kina mama wa dagaa, wachuuzi wa nyanya na ndizi, vibarua na watoto wa shule hawaingojei jua, wanaingoja pantoni. Wapo watakaosema kwamba daraja la Kigongo na Busisi limefunguliwa tarehe 19 Juni 2025, kilometa tatu juu ya maji, kwa hiyo mambo ya kivuko yamekwisha. Daraja ni kubwa nasi twalifurahia. Lakini mama mwenye beseni kichwani hawezi kuzunguka hadi Busisi ili afike soko la mjini, wakati mji anauona kwa macho yake pale ng'ambo. Ataendelea kupita Kamanga, na atapita gizani, na fedha zake zote zimo katika pindo la khanga. Mwizi naye anajua hivyo.

Wala msidhani hatari hii ni ya makabwela peke yao. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Oktoba 2012, katika mji huu huu wa Mwanza, aliuawa kwa risasi Kamanda wa Polisi wa Mkoa, Bwana Liberatus Barlow. Mtu aliyekuwa na askari wa mkoa mzima chini yake alikutwa na mauti barabarani usiku. Ikiwa giza halikumheshimu yeye, litamheshimu nani?

Basi ulinzi twautaka. Shauri letu ni moja: ulinzi huu ni wa nani?

Hapa Usukumani swali hilo lina jibu lake la zamani, na ni aibu kuona watu wanalisahau. Kabla ya mkoloni vijana walikuwa na chama chao cha kulima na kusaidiana, wakimchagua nsumba ntale wao wenyewe, na mwenye shamba aliwapa chakula mbele ya watu wote. Kila mtu aliona kilichotolewa na kila mtu aliona kilicholiwa. Tena miaka ya 1981 na 1982, baada ya vita vya Uganda, silaha zilipozagaa na wezi wa ng'ombe walipowakamua watu wa Kahama na jirani zake, wananchi hawakungoja barua kutoka Dar es Salaam. Walishika pinde na mishale, wakajiita Sungusungu, yaani wale siafu weusi ambao mmoja wao ukimkanyaga unajibiwa na kundi zima. Wengine waliwaita Basalama. Ikilia yowe, ambayo Wasukuma huiita mwano, kila mwanamume alitoka, tajiri na maskini. Aliyebaki kitandani alitozwa faini. Katika muda mfupi jambo hilo lilienea Usukuma wote na Unyamwezi, na ng'ombe wakalala zizini kwa amani. Mwalimu Nyerere aliwatetea, hali wakubwa wengine wa Serikali walikuwa wakinong'ona kwamba hao ni serikali ndani ya Serikali. Mwaka 1989 Bunge likatunga sheria ya kuwatambua pamoja na mgambo.

Tazameni basi, ndugu zangu, tofauti iliyopo. Sungusungu wa mwanzo alikuwa mtu wa kijiji mwenyewe, na zamu ilikuwa ya kila mtu. Adhabu yake kubwa haikuwa fimbo, ilikuwa kutengwa. Mwenye kosa hakupewa moto, hakuchotewa maji, hakusalimiwa njiani, hata akaja mwenyewe barazani kuomba radhi na kulipa faini. Leo katika mitaa yetu zamu imegeuka fedha. Mwenye fedha hulipa akalala, asiye nazo huambiwa akeshe, na vijana wawili watatu wasio na kazi hupewa filimbi na rungu bila mtu kuwauliza wametoka wapi. Halafu twaambiwa huo ndio ulinzi shirikishi. Tunashirikiana nini? Kutoa?

Juu ya fedha nitasema wazi, maana hapo ndipo penye kidonda. Wazee wetu hawakuikataa kodi kwa sababu walikuwa wabahili. Waliikataa kwa kuwa ilikusanywa na mtu wasiyemchagua, ikaenda mahali wasipopajua, na aliyeuliza alihesabiwa mkorofi. Usukumani TANU ilikatazwa kufanya kazi tangu mwishoni mwa 1954 hadi 1958, na sababu haikuwa mishale. Sababu ilikuwa maswali. Watu walikuwa wakiuliza habari za kodi ya ng'ombe, za amri za shamba na za mabaraza yaliyoundwa pasipo kuulizwa. Mwaka 1958 watu wa Geita walilikataa lile baraza la mataifa mchanganyiko, wakaja hadi Mwanza kuyasema yao mbele ya Serikali, wakapigwa mabomu ya kutoa machozi. Hao ni baba na babu za watu wanaovuka Kamanga leo. Je, walivumilia moshi ule ili wajukuu wao waogope kumwuliza mwenye daftari?

Mimi niandikaye haya nimepata kuuliza, katika mtaa mmoja nisioutaja. Nilitoa fedha yangu, nikaomba risiti. Nikajibiwa, "Mzee, risiti ya nini, wewe hutuamini?" Nikasema nawaamini, ndiyo maana nataka waniandikie. Yule kijana akacheka, nami nikacheka, na risiti sikuipata mpaka leo. Ni jambo dogo. Lakini zidisheni jambo dogo hilo kwa nyumba zote za mtaa, na kwa miezi kumi na miwili, ndipo mtaona kwamba si dogo tena.

Sasa nageukia kundi la pili, na hawa ni wabaya kuliko wenye daftari. Hawa hawataki daftari wala mkutano. Shauri lao ni moja: mwizi akikamatwa amalizwe hapo hapo, kwa mawe, kwa tairi na petroli, kwa sababu polisi watamwachia. Maneno haya yanasemwa kwa sauti kubwa, pengine na watu wenye heshima zao, pengine na watu watokao kusali. Nami nawauliza: ninyi mmejuaje kwamba ni mwizi? Mtu akipiga kelele "mwizi!" palipo na msongamano wa watu washukao pantoni, anayekimbia si lazima awe mwizi, huenda ni mtu mwoga, huenda ni mgeni, huenda ndiye aliyeibiwa anamfuata mwizi wake. Katiba yetu, ibara ya 13, inakataza mtu kutendewa kama mkosaji kabla ya kuthibitika kosa lake, na inakataza mtu kuteswa. Haikuandika "isipokuwa gatini."

Tena nchi hii ya Ziwa inayo historia yake katika jambo hili, wala haikutokea mbali. Katika miaka ya sabini, mikoa ya Mwanza na Shinyanga ilikuwa na mauaji mengi, hasa ya vikongwe walioitwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo wengi wetu twajua yaliwekundisha na moshi wa jikoni. Serikali ilifanya msako. Watu walikamatwa kwa wingi wakateswa mikononi mwa vyombo vya dola, na baadhi yao wakafa. Nia ilikuwa nini? Ilikuwa kuwalinda wananchi! Ndipo mwaka 1977 Waziri wa Mambo ya Ndani, Ndugu Ali Hassan Mwinyi, alijiuzulu. Yeye hakumpiga mtu hata kofi. Hakuwapo Mwanza wala Shinyanga yakifanyika hayo. Lakini alisimama akakubali kwamba lililotendwa chini ya wizara yake ni mzigo wake, akaondoka, na wananchi hawakumdharau kwa hilo. Mwaka 1985 akawa Rais. Hata Sungusungu wenyewe, niliowasifu hapo juu, siku zao za mwanzo walikuwapo waliowatesa wanawake kwa tuhuma za uchawi, na sifa ya ng'ombe waliookolewa haiwezi kulifuta jambo hilo.

Nawaomba viongozi wa mitaa na vitongoji, wale waliochaguliwa tarehe 27 Novemba 2024, wakae na habari hiyo ya 1977 kidogo. Kijana wa rungu akimvunja mkono mpita njia usiku, ni nani katika mtaa wetu atasimama na kusema mzigo huu ni wangu? Mwenyekiti atasema hakumtuma. Katibu atasema hana orodha. Mwenye daftari atasema yeye hukusanya tu. Na kijana mwenyewe kesho yuko mtaa mwingine na rungu lile lile.

Lipo na kundi la tatu, la waungwana wenye geti la chuma na mbwa. Hawa husema, ulinzi ni kazi ya polisi, mimi nalipa kodi yangu, nisisumbuliwe. Sitakaa sana na hawa. Polisi hawawezi kusimama kila uchochoro, na mtu asiyemjua jirani yake wa nyumba ya tatu hawezi kumtambua mgeni mwenye nia mbaya. TANU ilipoweka mabalozi wa nyumba kumi kumi katika miaka ya mwanzo ya Uhuru, jambo la kwanza balozi aliloliweza kabla ya mengine yote ni kujua nani analala wapi. Leo mwenye geti hajui, na mwenye kibanda hajui, kisha wote wawili wanashangaa.

Hata hivyo waungwana hao wanayo nusu ya haki, nami siwanyimi. Katiba hiyo hiyo, ibara ya 146, imezipa Serikali za Mitaa kazi ya kuhakikisha utekelezaji wa sheria na ulinzi wa wananchi. Kwa hiyo fedha ya mwananchi ya ulinzi ni nyongeza juu ya wajibu wa Halmashauri, haikuja kuufuta. Isiwe kwamba sisi tumekwisha kuchangia, basi taa ya barabarani iliyoungua haitengenezwi, shimo la mtaro lisilo na kifuniko linaachwa limeze watoto, na askari wa doria haonekani kwa kuwa "wananchi wanajilinda." Mama wa dagaa analipa ushuru wa soko kila siku. Taa ameinunua mara nyingi.

Tunataka nini basi? Kwanza jina. Kila mlinzi wa usiku ajulikane jina lake na nyumba anayolala, lisomwe mbele ya mkutano wa mtaa, na polisi walipate. Asiyejulikana asishike rungu. Kisha hesabu: fedha iliyoingia na iliyotoka isomwe kwa sauti, si kubandikwa ukutani mahali pa giza, na kila atoaye apewe karatasi hata kama ametoa kidogo. Asiye na fedha akeshe zamu, na mwenye fedha naye akeshe walau mara moja kwa mwezi. Najua wakubwa hawatalipenda hili, lakini usiku mmoja wa kusimama gatini kwenye baridi ya Ziwa utawafundisha mengi juu ya taa. Mwizi akikamatwa apelekwe polisi na watu wawili wenye majina, ambao watakuwa tayari kwenda mahakamani kutoa ushahidi. Kesi nyingi huanguka kwa sababu mashahidi wamebaki nyumbani, kisha hao hao waliobaki nyumbani ndio wapigao kelele kwamba polisi wamemwachia.

Wanachama msingoje kuambiwa. Mkutano wa mtaa ukiitishwa nendeni, na wanawake watangulie kusema, maana wao ndio wanaopita gizani. Mwenye daftari aje nalo. Akisema limesahaulika nyumbani, mkutano usubiri, naye apewe mtu wa kumsindikiza akalilete.