Kutojibiwa Si Sifuri

Mwalimu wa Mpanda hamwandikii sifuri mtoto ambaye hakufika kwenye mtihani. Huandika kwamba hakuwapo. Twashangaa basi kuona wanachuo wetu, watungapo programu za seva, wakilisahau jambo hilo wanalolijua.

Programu iliyomo katika seva ya shule yaweza kuiomba seva nyingine, tuseme ya Dodoma, alama za mwanafunzi. Kwa kanuni za HTTP, jibu hutanguliwa na namba ya tarakimu tatu: 200, ombi limetimizwa, 404, kilichoombwa hakikuonekana, 500, seva iliyoombwa imepatwa na hitilafu. Yaliyomo hufuata baadaye. Na pengine hakirudi chochote, mtandao ukikatika njiani. Programu isiyoitazama namba hiyo kwanza huweza kuuchukua utupu ikaandika sifuri, na mtoto wa Inyonga akahesabiwa ameshindwa.

Twashauri somo lianze bila kompyuta. Mwanafunzi mmoja aandike ombi, mjumbe alipeleke, wa tatu ajibu: namba juu, maelezo chini. (Watacheka, waacheni wacheke.) Kisha mwalimu amzuie mjumbe mlangoni. Aliyetuma aulizwe: atangoja hadi lini, naye ataandika nini daftarini?