UCHAMBUZI: Teknolojia mpya ya filamu yatishia soko la mandhari ya Kenya

KWA miaka mingi, mtengenezaji filamu aliyetaka nyika au machweo ya Afrika alilazimika kufunga safari. Siku hizi anaweza kubaki California na kuvipata vyote hivyo ukutani.

Teknolojia hiyo, inayochanganya kamera halisi na mandhari iliyoundwa kwa kompyuta, ilipata umaarufu mwaka 2019 kupitia msururu wa televisheni wa The Mandalorian, ulioanzishwa na Jon Favreau. Badala ya kupelekwa jangwani, waigizaji walizungushiwa ukuta wa skrini uliopinda, wenye kimo cha futi 20.

Picha za ukutani huendeshwa na programu ya aina inayotumiwa kuunda michezo ya kompyuta. Kamera ikisogea, mandhari nayo hubadilika papo hapo kulingana na pembe yake, hivyo mtazamaji huamini kwamba milima anayoiona iko mbali kwelikweli.

Faida kubwa ni mwanga. Katika mbinu ya awali, mwigizaji husimama mbele ya kitambaa cha kijani na mandhari hupachikwa baadaye, huku ukijani ukiakisiwa kwenye mavazi yanayong'aa. Katika mbinu mpya, ukuta wenyewe humwangazia. Machweo, ambayo nyikani hupita kwa dakika chache, studioni huweza kudumishwa kutwa nzima.

Hata hivyo, si mteremko. Mandhari sharti iundwe kabla ya kamera kuwashwa, na mkurugenzi akibadili nia dakika ya mwisho, gharama huongezeka.

Kwa Kenya, suala hili linagusa riziki. Out of Africa ya mwaka 1985 ilipigwa nchini, nayo The Constant Gardener ya 2005 ikapigwa Kibera na Loiyangalani. Kazi kama hizo huhitaji madereva, wapishi, maseremala, walinzi na waigizaji wa ziada, ambao hulipwa papa hapa.

Linganisha na The Lion King ya mwaka 2019, iliyoongozwa na Favreau huyo huyo. Kundi lake lilizuru Kenya kutazama nyika na wanyama, kisha likarejea Los Angeles. Huko, wapigapicha walivaa miwani ya uhalisia pepe na kuipiga filamu ndani ya nyika ya kompyuta.

Favreau alifichua baadaye kwamba picha 1,490 ziliundwa kwa kompyuta. Ni moja tu, ile ya kwanza kabisa ya mapambazuko, iliyopigwa Afrika. Filamu hiyo ilivuna zaidi ya dola bilioni 1.6 duniani. Majina ya Simba na Rafiki yalibaki ya Kiswahili, lakini ajira nyingi zilikuwa ng'ambo.

Tume ya Filamu ya Kenya, iliyoanzishwa mwaka 2005, ina jukumu la kuinadi nchi kwa watengenezaji filamu. Kunadi mandhari pekee hakutatosha tena. Mikataba inafaa kueleza bayana malipo ya picha zinazochukuliwa hapa ili kuundia mandhari ya kompyuta kwingineko.

Aidha, vijana wafunzwe kuunda mandhari hizo wenyewe. Baadhi ya programu zinazohitajika hupatikana bila malipo kwa anayejifunza. Wasipoandaliwa, mgeni atakuja kutazama, atapiga picha chache na kuondoka na kazi yote.