Stempu moja, sura ya nani?

Umewahi kulamba stempu? Mimi bado. Shosho ndiye ameweka bahasha za guka za miaka ya 1950, na kila moja ina sura ya Malkia Elizabeth II, aliyerithi kiti Februari 1952 akiwa hapa hapa Kenya. Baada ya uhuru wa 1963, akaja Mzee Jomo Kenyatta. Wakubwa tu!

Sisi vijana nasi tunachora kwenye matatu za Waiyaki Way sura za Tupac na Messi. Bado tunaazima.

Sasa nikuulize, msee: ungepewa stempu moja, ungemweka nani wa Kangemi? Mimi ningemweka mama mboga aliyenilisha kwa deni nilipoacha chuo. Kazi ya stempu ni kubeba mzigo wa mwingine. Yeye aliubeba wangu.